Mafundi na wauzaji wa bodi za simu Mtwara na Lindi, acheni kusingizia mnara!

Wakuu, uzi huu ni wa hasira na sitaulainisha. Kuanzia Mikindani hadi Nachingwea, simu ya getini au king'ora cha ghala la korosho kikipiga simu bila sauti, jibu la fundi ni lilelile: "mtandao mbovu". Uongo! Simu imeita, imepokelewa, SMS zinaingia. Mnara umemaliza kazi yake. Sauti imefia kwenye nyaya nne ambazo hakuna aliyezipima.

Moduli nyingi za 4G (kile kijisehemu cha bodi kinachobeba laini na kupiga simu) hazitoi sauti ya kupeleka kwenye spika. Zinatoa namba, kwa njia ya PCM (sauti iliyogeuzwa kuwa namba). Nyaya zake ndizo hizo nne: CLK ni mapigo, SYNC inatangaza mwanzo wa fremu (fungu moja la biti), OUT inatoa sauti ya aliye upande wa pili, IN inapokea ya maiki yako. Kwa sauti ya kawaida SYNC hupiga mara 8,000 kwa sekunde na kila sampuli ni biti 16, yaani biti 128,000 kwa sekunde kila upande. Kazi ya kugeuza namba hizo ziwe sauti ni ya kodeki. Sasa mnauzaje bodi isiyo na kodeki mkiiita "ya kuongea"? Tena kuna moduli za data tupu zenye umbo lilelile. Mteja ataunganisha mpaka achoke, simu ya sauti haimo.

Linalounguza vifaa vya watu ni volti. Pini za PCM kwenye moduli nyingi ni volti 1.8. Mtu anachukua kodeki ya volti 3.3 anaunga moja kwa moja! Pini ya moduli inaweza kufa, na ikifa haifufuki. Wengine wanaweka vile vibodi vya kubadili volti vyenye transista na rezista za 10k (ohmu 10,000), vilivyozoeleka kwa I2C, njia ya polepole ya chipu kuongea. Kwa I2C sawa. Kwa PCM yenye CLK ya kHz 2,048 (fremu ina nafasi nyingi kuliko zile biti 16 za sauti) havifai: 10k na pF 50 (pikofaradi, uwezo wa kutunza chaji) za nyaya na pini zinahitaji karibu nanosekunde 500 kupandisha volti, wakati biti moja nzima ni nanosekunde 488. Biti haijasimama, nyingine imefika. Sauti inakuwa mikwaruzo mitupu. Tumieni chipu kama 74AVC4T774, ambayo kila njia unaipangia mwelekeo wake: moduli ikiendesha mapigo, tatu zinatoka, moja inaingia.

Halafu mipangilio. Moduli na kodeki zote zikiachwa kuendesha mapigo, zinapigana kwenye waya mmoja. Zote zikisubiri, kimya. OUT ya moduli iende DIN ya kodeki (pini ya kupokea), si DOUT (ya kutoa). Kodeki ikiwa kwenye I2S (mpangilio mwingine wa kupanga biti za sauti) na moduli kwenye SYNC fupi (ya pigo moja tu la CLK), biti zinaweza kuhama nafasi moja, na sauti ikapasuka hata ukiongea taratibu. Na simu za VoLTE (sauti inayopita kwenye 4G) zinaweza kutumia sampuli 16,000 kwa sekunde. Kifaa kinachorekodi kikidhani ni 8,000, mtu anasikika mzito na polepole kama analewa usingizi.

Kupima ni dakika mbili. Piga simu kwanza, maana kwenye moduli nyingi mapigo hayatoki bila simu kuwa hewani. Weka mita kwenye volti za DC, gusa CLK: ikisoma karibu 0.9, mapigo yapo. Ikisoma 0 au 1.8 kamili, hayapo. SYNC fupi itasoma karibu na sifuri, hiyo ni kawaida, msiipige solda upya bure.

Nyongeza kwa mdau aliyeuliza hapo chini kuhusu muungurumo kwenye simu ya kifaa chake: mkuu, huo si wa PCM. Moduli ikishuka 2G inarusha mara 217 kwa sekunde na kuvuta hadi ampea 2 kila mrusho. Weka kapasita za pF 33 na pF 10 palepale kwenye maiki, waya wa maiki usokotwe na uwe mbali na antena. Na kwa vile umesema kifaa kipo Msimbati, kando ya bahari, kagua ukijani (kutu ya shaba) kwenye pini za kodeki kabla ya yote. Sugua kwa spiriti, kausha, paka vanishi ya bodi, lakini kiunganishi cha antena usikipake.