Mrejesho: Kuku wa kando ya barabara, kisiwa cha Oahu, Hawaii

Wakuu mlionijibu nilipouliza Oahu tule wapi bila kukamuliwa na bei za Waikiki, mtaa wa watalii, tena mama mkwe hagusi nguruwe: ahsanteni sana. Tulipanda hadi Haleiwa, kaskazini mwa kisiwa, tukafuata moshi. Kuku wazima wametungwa kwenye vyuma virefu, jamaa anavigeuza juu ya moto wa kuni za kiawe, mti wa miiba wa huko, mafuta yanadondokea makaa, chwaa! Ngozi imekolea sosi ya soya, tangawizi na sukari. Utamu umezidi kidogo kwa ulimi wangu, ila nyama haikukauka hata kifuani.

Sahani yenyewe ina mabonge mawili ya wali na saladi ya makaroni yenye mayonezi. Wali na makaroni pamoja, jamani! Mama mkwe alicheka, kisha akamaliza yote. Sahani ya namna hii ilianzia kwa vibarua wa mashamba ya miwa, Wajapani, Wafilipino, Wareno, kwa hiyo shibe ndiyo hoja.

Mwenye masharti ya chakula aulize kwanza, maana sehemu nyingi huuza pia nguruwe wa kalua, yaani aliyeokwa kwenye shimo la ardhini. Pilipili bebeni yenu. Nendeni wikiendi, kabla ya saa sita, na pesa taslimu mkononi.