Umoja wa Afrika: Kiti ni cha Serikali au cha Watu?

Ndugu wanamjadala, wapo wanaoshikilia kwamba umoja wa Waafrika, wa barani na wa ughaibuni, ni kazi ya serikali peke yake, kwa kuwa serikali ndizo zenye mipaka, hazina na saini zinazotambulika, na kwamba vyama vya wafanyakazi na makundi ya wanaharakati yanatakiwa kualikwa kusikiliza tu. Napinga msimamo huo, na naomba tuupime kwa yaliyotokea Dar es Salaam mwezi Juni 1974, lilipofanyika Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika, yaani harakati za umoja huo, katika Chuo Kikuu.

Lilikuwa kongamano la kwanza katika mfululizo huo kufanyika katika ardhi ya Afrika. Mkutano wa London wa mwaka 1900 uliitishwa na Henry Sylvester Williams kutoka Trinidad. Manchester, Oktoba 1945, walikutana wanaharakati George Padmore na Amy Ashwood Garvey kutoka Karibi, Kwame Nkrumah wa Ghana, Jomo Kenyatta wa Kenya na Hastings Banda wa Malawi, pamoja na mzee W. E. B. Du Bois, msomi Mmarekani mweusi aliyekuwa na umri wa miaka 77, na pembeni yao wajumbe wa vyama vya wafanyakazi kutoka makoloni. Hakuna hata mmoja wao aliyetumwa na waziri. Hata hivyo, haikupita miaka 25 kabla Nkrumah, Kenyatta na Banda hawajawa marais.

Mwaka 1974 mambo yaligeuka. Serikali ndizo zilizokaa mbele, na baadhi ya serikali za Karibi hazikutaka wapinzani wao wapewe nafasi ukumbini. C. L. R. James, mwandishi na mwanaharakati kutoka Trinidad aliyekuwa miongoni mwa walioshughulika kulifanikisha kongamano hilo, alikataa kuhudhuria kwa sababu hiyo. Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana aliyekuwa amefundisha chuoni hapo kwa miaka kadhaa, aliandika makala kwa ajili ya kongamano akionya kwamba tabaka lililorithi dola baada ya uhuru limeacha umajumui wa kweli. Mwaka huohuo serikali ya Guyana, iliyokuwa na wajumbe wake katika kongamano, ilizuia Rodney asichukue kazi ya uprofesa nchini mwake. Mwaka 1980 aliuawa kwa bomu mjini Georgetown, na tume iliyotoa ripoti mwaka 2016 ilihitimisha kwamba dola ilihusika.

Najua hoja ya upande wa pili, na ni nzito. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963, na fedha, silaha na kambi za mafunzo zilitoka kwa serikali. Mwalimu Nyerere asingeweza kuwaomba viongozi wenzake msaada huku akiwafungulia ukumbi wapinzani wao. Lakini FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji kilichopokewa kwa heshima zote, nayo haikuwa serikali: lilikuwa kundi la watu waliowapinga waliokuwa wakiitawala nchi yao. Kwa hiyo Afrika ilijua vizuri namna ya kuwatambua watu dhidi ya watawala wao, ila ilijua hivyo pale tu mtawala alipokuwa Mreno au Kaburu. Alipokuwa mtawala mweusi, wananchi wake walitakiwa wazungumze kupitia kwake au wanyamaze. Hilo ndilo jeraha ambalo umajumui haujapona.

Tazameni hali ya sasa. Mwaka 2003 Umoja wa Afrika, mrithi wa OAU, ulipitisha marekebisho ya kuwaalika Waafrika wa ughaibuni washiriki, nao wakaitwa kanda ya sita, baada ya kanda tano za barani. Katika Baraza la Uchumi, Jamii na Utamaduni la umoja huo wametengewa nafasi 20 kati ya 150, na baraza lenyewe kazi yake ni kushauri. Mkataba wa Eneo Huru la Biashara la Afrika ulisainiwa Kigali Machi 2018 na kuanza kutumika Mei 2019. Itifaki ya watu kusafiri na kuishi popote barani, iliyopitishwa miezi miwili kabla ya mkataba huo, inahitaji nchi 15 ziiridhie, na walioridhia wako mbali sana na idadi hiyo. Bidhaa zimetangulia, watu wamebaki mpakani, na sioni ajabu, kwa sababu waliokaa mezani ni wale ambao pasipoti zao hazizuiwi popote.

Nimeulizwa mara nyingi wanaharakati wamechaguliwa na nani. Swali hilo ni halali. Chama kinachotaka kiti kionyeshe wanachama wake, ada wanazolipa na hesabu zilizokaguliwa hadharani. Kisichoweza kufanya hivyo kikae nje. Kisichokubalika ni chama kukosa kiti kwa sababu serikali ya kwao haikipendi. Anayetetea umoja wa serikali pekee na atueleze, kwa utaratibu wake, Rodney wa mwaka 1974 angezungumzia wapi.