Naomba ushauri: kupima seva ya NFS inavyofunga kikao

Habari zenu wakuu. Niko Nyakato, Mwanza, natunza seva ya Linux inayogawa mafaili kwa NFS 4.1 (itifaki ya kutumia mafaili kupitia mtandao). Kabla ya kuiboresha nataka kupima inavyovunja kikao (mawasiliano yaliyofunguliwa kati ya seva na mteja, yaani kompyuta inayoitumia) mteja akiaga, maana hesabu za watu wengi zinakaa humo na sitaki kubahatisha.

Majaribio mepesi nimemaliza. Nafungua kikao, natuma DESTROY_SESSION (ombi la kufunga kikao), kisha narudia ombi kwa namba ileile ya kikao. Jibu ni NFS4ERR_BADSESSION (kikao hakipo), sawasawa na inavyotakiwa. Kufuli za mafaili nazo hazikupotea, kwa kuwa zinafungamana na utambulisho wa mteja, si kikao.

Ninapokwama ni hapa: seva ikiwa imemwita mteja kwa njia ya kurudi (ile ambayo seva humtumia mteja maombi yake), tuseme inadai faili aliloachiwa alisimamie, na mteja hajajibu, halafu kikao kinaombwa kufungwa. RFC 8881 ya mwaka 2020, waraka wa kanuni za NFS 4.1, inairuhusu seva kukataa, kwa NFS4ERR_BACK_CHAN_BUSY (njia ya kurudi ina kazi), au NFS4ERR_CB_PATH_DOWN kama njia hiyo imekatika. Lakini haiilazimishi. Sasa seva ikikubali kufunga, jaribio langu lihesabu hilo kuwa ni sahihi pia?

Na mteja nimcheleweshe vipi makusudi? Nimejaribu kuchomoa waya, ila hapo napima njia iliyokatika, si mteja aliyekawia. Ni mambo mawili tofauti kabisa. Aliyewahi kuandika jaribio la hivi kwa pynfs (zana ya kupima seva za NFS), naomba anielekeze pa kuanzia. Natanguliza shukrani.