Tupeane uzoefu: ni lini ulijua kabisa kwamba wewe ni wa Mungu?

Mjukuu wa Njombe: Shalom wapendwa. Naomba tushirikishane, sio mahubiri, kila mtu aseme yaliyomkuta mwenyewe. Mi nimelelewa na bibi, baba simjui, na kila ikija fomu ya shule kwenye jina la baba bibi alikuwa anaandika jina la babu ambaye alishafariki kitambo, basi nimekua naona kama natumia jina la kuazima. Nilibatizwa nikiwa mkubwa tayari kwenye darasa la kipaimara. Mchungaji akataja jina langu moja tu halafu "kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu", maji, kwisha. Hakuna aliyeuliza mtoto wa nani. Zaburi 27:10 imenibeba toka siku hiyo, "Baba yangu na mama yangu wameniacha, bali Bwana atanikaribisha kwake".

Dada wa Sauti ya Pili: Mi nimeolewa miaka mingi sijajaliwa mtoto. Ukweni wenzangu wote wanaitwa mama fulani, mama fulani, mi naitwa "wewe bibie". Kanisani kila mtu ananipa habari za Hana wa kwenye Biblia, aliyekaa bila mtoto mpaka akampata Samweli, eti subiri Samweli wako anakuja, nawashukuru kwa kweli ila ilikuwa inaniumiza, maana ni kama Mungu atanipenda siku mtoto akija. Kilichoniponya ni Isaya 56. Pale Mungu anaongea na matowashi, watu wasio na uzao kabisa, anawaahidi ndani ya nyumba yake jina lililo jema kuliko kuwa na wana na binti. Hawaambii subirini. Someni wenyewe mstari wa 3 mpaka wa 5, mi nilirudia mpaka mume wangu akaamka.

Binti wa Kitale: Bwana asifiwe. Mimi ni Mkenya niko Muscat, Oman, kazi ya nyumba. Off sina, kanisa la Ruwi naskia tu kwa wenzangu, so nasali usiku nikipiga pasi. Mwanzo 16 ndio iliniingia nikiwa huku. Hajiri ni Mmisri, kijakazi wa Sarai mke wa Abramu, na ukiangalia hiyo sura Sarai na Abramu wakimwongelea wanasema tu "mjakazi". Wa kwanza kumwita Hajiri ni malaika, tena jangwani, ametoroka na ako na mimba. Anamuuliza umetoka wapi na unaenda wapi. Huku hakuna mtu huniuliza hivyo. Naye akamwita Bwana "Wewe, Mungu uonaye mimi". Hiyo ndio sala yangu siku hizi, sina ingine ndefu.

Fundi AC Dar: Nilikuwa kamati ya ujenzi wa kanisa, bahasha yangu ya ahadi ilikuwa nono, wazee walikuwa wananipigia kila Jumamosi. Kazi ilivyokata na simu zikakata. Nikahamia benchi la nyuma karibu na mlango ili nitoke kabla ya sadaka ya pili. Sasa angalieni hii, Mathayo 10 inasema shomoro wawili kwa senti moja, Luka 12 inasema watano kwa senti mbili, yaani yule wa tano ni wa nyongeza, kama nyanya ya juu ya fungu, hana bei kabisa. Na Yesu anasema hata mmojawapo hasahauliwi mbele za Mungu! Nilikaa na huyo wa tano wiki nzima aisee.

Msomaji kimya: Nawasoma natamani. Nimezaliwa kanisani ila sihisi chochote, hata nikisali.

Mjukuu wa Njombe: Ndugu yangu, hata mi siku nyingi sihisi. Ila nilibatizwa, hilo lilishatendeka nihisi nisihisi.

Fundi AC Dar: Kama upo Dar nicheki inbox. Alhamisi tunasali nyumbani kwangu, tuko wachache, bahasha hazipiti.