Kitanzi au mshono? Tulinganishe maneno ya kufuma

BibiSindano
Wadau, naandika maelekezo ya sweta ya mtoto, maneno yananigonganisha. Mwanzo niliandika "anzisha mishono 64", chini kidogo nikasema "vitanzi", halafu mwishoni "funga mshono wa bega". Aliyenijaribia akakwama hapo: mshono upi tena? Nyie mnatumia lipi? Na kufuma uzi ukiwa nyuma, na kufuma uzi ukiwa mbele, mnakuitaje?

UziMwekundu
Kitanzi ni kile kilicho kwenye sindano. Mshono uuache kwa kuunganisha vipande, basi. Kwa hayo mengine naandika "fuma nyuma" na "fuma mbele", kufuata uzi ulipo.

Mama Pacha
Kitanzi naafiki. Nyuma na mbele, hapana. Maelekezo yana "leta uzi mbele", tena yana "ingiza sindano nyuma ya kitanzi". Sasa ukiniambia "fuma nyuma vitanzi 2", nifanye lipi? Mimi naandika "wazi" (uzi ukiwa nyuma) na "kinyume" (uzi ukiwa mbele). Kitanzi cha wazi kinakutazama kama herufi V. Cha kinyume kina kigongo kidogo kilicholala. Hata anayeanza leo akiinamia kazi yake anavitofautisha.

UziMwekundu
Hicho kigongo kimenishinda hoja. Nahamia kwako.

Fundi wa Soksi
Ongezeni "safu" na "mzunguko", msivichanganye. Ukifuma kwa kwenda na kurudi, wazi kila safu inatoa matuta pande zote mbili. Ukifuma kwa kuzunguka, wazi kila mzunguko inatoa uso laini, bila matuta. Neno moja likikosewa, kitambaa kinakuwa kingine kabisa.

Na namba za sindano jamani! Namba 8 ya Marekani ni milimita 5, namba 8 ya zamani ya Uingereza ni milimita 4. Namba 6 ni kinyume chake: Marekani 4, Uingereza 5. Niliwahi kufuma sweta nzima kwa ya milimita 5 badala ya 4, ikamfika mtoto magotini. Andika milimita.

BibiSindano
Nimeandika upya, maana ya kila neno nimeiweka juu kabisa kabla ya safu ya kwanza:

"Sindano milimita 4. Anzisha vitanzi 64. Safu ya 1: wazi 2, kinyume 2, rudia hadi mwisho wa safu."

Aliyenijaribia yuko safu ya 12, hajauliza kitu.