Mosquitto, RabbitMQ au Kafka kwa sensa 60 za visima?

KisimaKirefu
Habari wakuu. Nina sensa 60 za kina cha maji kwenye visima vya vijiji huku Dodoma. Kila moja ni ESP32 (chipu inayoendesha kifaa) na SIM800L (modemu ya laini ya simu), inatuma kipimo kila dakika 10, yaani jumbe 8,640 kwa siku. Kwa sasa zinatuma kwa HTTP, njia ileile ya kufungua tovuti, na bando linakata kabla ya mwezi kuisha. Wiki iliyopita programu inayoandika kwenye hifadhidata ilikwama saa 4 usiku, na vipimo vyote hadi asubuhi vikapotea. Kamati za maji hupangia zamu za kuchota kwa namba hizi, kwa hiyo limeniuma sana. Nataka foleni ya ujumbe katikati, yaani programu ya kupokea vipimo na kuvishikilia hadi vichukuliwe. Nichukue ipi kati ya Mosquitto, RabbitMQ na Kafka?

broka_tz
Kafka iache, mkuu. Uzuri wake ni kwamba ukiiacha ilivyo hutunza jumbe kwa siku 7, unaweza kuzisoma upya hata kama zilishasomwa. Lakini ni ya seva zenye mtandao imara, si kifaa chenye laini ya 2G. Na wewe una ujumbe mmoja kila sekunde 10. Ni kukodi Fuso kubeba ndoo moja.

Kwenye kifaa weka MQTT, lugha nyepesi ya vifaa kutumiana jumbe. Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper waliibuni mwaka 1999 kwa mabomba ya mafuta yaliyofuatiliwa kwa setilaiti, ambako kila baiti ilikuwa na bei. Kichwa cha ujumbe kinaanzia baiti 2 tu, na muunganisho unabaki wazi badala ya kubisha hodi upya kila dakika 10. Kwa broka, yaani programu ya seva inayopokea na kugawa jumbe hizo, Mosquitto inakutosha.

Neema_sensa
MQTT sawa, ila Mosquitto hapo nasita. Programu yako ikilala, Mosquitto inaitunzia jumbe 1,000 usipobadilisha mpangilio, zinazozidi inazitupa. Kwa kasi yako 1,000 zinajaa ndani ya saa 3 kasoro. Ungepoteza usiku uleule! Unaweza kuongeza kikomo, lakini mimi ningeweka RabbitMQ na kuwasha programu-jalizi yake ya MQTT. Vifaa vinaongea MQTT, nyuma jumbe zinakaa kwenye foleni ya diski hadi programu izichukue na kukiri kuwa imezipata. Inakula kumbukumbu zaidi ya Mosquitto, hilo ulijue kabla ya kukodi seva.

fundi_mnara
Ndugu zangu, foleni hailindi kipimo ambacho hakijaifikia. Niliwahi kukaa chini ya tangi, kompyuta mapajani, mvua imetoka kunyesha. Taa ya SIM800L inapepesa kila sekunde 3, maana yake imeshika mnara. Kwenye skrini: "imetumwa", "imetumwa". Kwenye seva, hakuna kitu. Maktaba ya msimbo niliyotumia ilikuwa inatuma kwa QoS 0 tu (QoS ni kiwango cha uhakika wa ujumbe kufika): ujumbe unarushwa, hakuna anayeuliza kama umefika.

Tangu siku hiyo kipimo naandika kwanza kwenye flashi ya ESP32 (kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika), kikiwa na saa na namba yake. Natuma kwa QoS 1, nakifuta broka ikirudisha risiti. QoS 1 inaweza kuleta ujumbe mara mbili, ndiyo maana ya namba: hifadhidata ikikutana nayo tena inaipuuza. QoS 2, ya ujumbe kufika mara moja tu, usiihangaikie, RabbitMQ yenyewe huishusha hadi 1.

KisimaKirefu
Asanteni sana, hapo kwenye flashi sikuwa nimepafikiria kabisa. Basi MQTT kwa QoS 1, RabbitMQ nyuma. Dada Neema, programu ileile naweza kuipakia kwenye vifaa vyote 60?

Neema_sensa
Unaweza, ila kitambulisho cha mteja, yaani jina ambalo kifaa hujitambulisha kwa broka, kisifanane. Vifaa viwili vikiingia na jina moja, broka inamkata wa kwanza; naye anajiunga tena, anamkata wa pili, siku nzima hivyo, na bando linateketea. Litengeneze jina kutokana na anwani ya MAC ya kila ESP32, namba yake ya kipekee. Anza na visima viwili vya karibu nawe, uchomoe antena nusu saa, urudishe, kisha uhesabu namba zilizofika.