Naomba ushauri: ukingo wa kofia zangu za triko (za kufuma kwa sindano na uzi) unakaza kama kamba, nianzie namna gani?

mamaleni_bkv
Bamama na badada jambo. Niko Bukavu, nafanya triko tangu mutoto wa pili azaliwe, kofia za watoto na visweta, nauzia upande wa Kadutu. Juma iliyopita mama mmoja amenirudishia kofia, mtoto analia kila akivalishwa, mimi kuangalia kumbe kweli, imemchora mustari kwenye paji kama amefungwa kamba ya mbuzi. Kofia yenyewe inavutika, ile mistari ya moja-moja (kimoja uso, yaani kitanzi laini, kimoja mgongo, yaani chenye kifundo) ukiivuta inaenda vizuri, lakini ukingo wa chini pale nilipoanzia inagoma kabisa. Nikachukua sweta ya mitumba ya bwana yangu nikaipeleka dirishani sababu kuran (umeme) haikuwepo, nikatafuta mwanzo wake, sikuuona! Mistari inashuka, inafika chini, inapinda kwa ndani na kupanda tena upande wa pili, kama haikuanzishwa na mtu. Ile njo (ndiyo) nataka. Mimi napandisha vitanzi (kuvianzisha kwenye sindano) vile mama alinifundisha, uzi wa mkia kwenye kidole gumba, wa bonge kwenye shahada, sindano namba 4. Niko na komande (oda) ya kofia 6, munisaidie.

yaya_himbi
Pandishia sindano ya 5 halafu rudi kwenye 4. Hapa Goma wote tunafanya hivyo.

mamaleni_bkv
Nilijaribu yaya, chini ikatoka vitanzi virefu virefu kama meno ya mzee, na bado inakaza 😩

reyo_za_kinga
Haitasaidia hiyo. Kinachozuia si kitanzi, ni ule uzi mfupi unaolala KATI ya kitanzi na kitanzi, sindano kubwa inarefusha kitanzi lakini kati panabaki palepale. Kama unataka kubaki na njia ya mama yako, ukishavuta kitanzi usikisogeze kikabanana na mwenzake, weka ncha ya kidole hapo kwenye sindano ndipo upandishe kingine. Mimi nilijifunza na reyo za kinga (spoku za baiskeli) zilizonolewa kwenye simenti, mikono ilikuwa inatoa damu, lakini nafasi ya kidole sikuisahau.
Ingine ni kupandisha kwa kusokota, wanaiita ya Wajerumani, wengine wanasema ya Wanorwe. Ni ileile yako, ila ile pete ya kidole gumba unaipitia chini ya nyuzi zake zote mbili, unaingiza sindano kutoka juu katikati yake, unachukua uzi wa shahada, unalegeza gumba pete ijifungue ndipo unatoka. Kinapata msokoto mmoja zaidi shingoni na huo msokoto njo unavutika. Inakula uzi wa mkia, kwa hiyo zungushia uzi kwenye sindano mara 10, pima, zidisha mpaka ufikie hesabu ya vitanzi vyako, halafu ongeza kiganja kizima. Nimeshafika kitanzi cha 74 kati ya 80 uzi ukaisha, nilitaka kulia.

bibi_wa_lshi
Mwenzangu amesema vizuri lakini ile ya sweta ya mitumba si hiyo. Ile ni ya Kiitaliano, ukingo wa bomba. Mwanangu, shika nyuzi vilevile gumba na shahada, kitanzi cha kwanza kiwe fundo tu. Sasa sindano ipite mbele, CHINI ya uzi wa gumba, ikamate uzi wa shahada, irudi nao njia ileile. Kinachofuata ni kinyume, sindano izunguke nyuma, CHINI ya uzi wa shahada, ikamate wa gumba, irudi nao. Moja mbele, moja nyuma, mpaka mwisho, hesabu iwe shufwa. Kabla ya kugeuza sokota nyuzi mbili pamoja mara moja, la sivyo cha mwisho kitaanguka na vingine vitakifuata. Geuza, utaona kimoja kina kifundo shingoni kama kola, kingine hakina. Kisicho na kola fuma uso, chenye kola leta uzi mbele na ukihamishe tu bila kukifuma, uzi urudi nyuma. Mstari wa pili hivyohivyo. Kuanzia wa tatu fuma mistari yako ya kawaida. Na hiyo miwili ya mwanzo ifume na sindano ndogo, 3 au 3 na nusu, la sivyo ukingo utapanuka kama mdomo wa kikapu.

baba_pacha
Kwa kofia ya mtoto ya dola 3 mnamchosha huyu mama bure. Ya kusokota inatosha, hakuna mteja anageuza ukingo.

bibi_wa_lshi
Mteja hageuzi, mtoto njo analia.

mamaleni_bkv
Nimerudi. Ya Kiitaliano jana usiku na tochi ya simu, mara ya kwanza sikusokota mwishoni, vitanzi 11 vikaanguka kabla sijasema kitu. Mara ya pili nikachanganya kola na wasio na kola nikafuma vyote, ikatoka kitu sijui niite nini. Ya tatu!!! Nimevuta ukingo mpaka mutoto wangu mkubwa akauvaa kichwani, nikaachia, ukarudi. Na pale chini hakuna mwanzo. Lakini baba_pacha hajakosea sana, imenichukua karibu saa nzima kwa vitanzi 80, kwa hiyo komande 4 nitafanya ya kusokota na 2 za yule mama aliyenirudishia nitafanya ya bomba. Swali dogo bibi, mistari ya mbili-mbili inawezekana?

bibi_wa_lshi
Inawezekana. Anza moja-moja vilevile, ukimaliza ile miwili, kwa kila vitanzi vinne badilisha nafasi ya cha pili na cha tatu, uso unakutana na uso, mgongo na mgongo.

yaya_himbi
Na kumalizia je, soksi zangu zinakaza juu, si chini

reyo_za_kinga
Yaya fungua uzi wako, huu wa mama Bukavu tayari una mafundo ya kutosha 😂